JERAHA LIANDIKWE PAMOJA NA SABABU YAKE

Na Mganga Msaidizi, Dindira, Korogwe

Mama anafika zahanati jicho limevimba. Anasema, "Nimeanguka." Kitabuni linaandikwa jeraha la uso. Mwisho wa mwezi linahesabiwa pamoja na majeraha ya walioanguka na baiskeli. Kipigo kimepotea ndani ya hesabu.

Hesabu inasaidia nini?

Wagonjwa wa malaria huandikwa, ndipo dawa huagizwa kwa kiasi kinachotakiwa. Kipigo nacho huleta maradhi: mifupa huvunjika, mimba huharibika, huzuni haimwachi mtu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa, kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 Dar es Salaam na 56 mkoani Mbeya walikuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo.

Nyumba za askari

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viliwachukua askari wa JWTZ na mgambo kutoka vijijini. Mwaka 2013 askari wetu wengine walipelekwa Kongo. Baadhi ya watu hurudi vitani na ndoto za kutisha, hasira za ghafula na ulevi. Hali hizo zinatibika, wala hazihalalishi kipigo. Si kila askari humpiga mkewe, na wapigaji wengi hawajawahi kushika bunduki. Lakini mke wa askari anaweza kuficha kwa kuogopa mume asifukuzwe kazi. Utafiti wa kaya wa mwaka 2015–2016 nao haukuwahesabu wakazi wa makambi. Basi, nyumba hizo tutazisaidiaje bila kujua hali yake?

Yafaa kufanya hivi

1. Mganga amwulize mgonjwa faraghani, mume na jirani wasiwepo.
2. Mgonjwa akikubali, iandikwe sababu ya jeraha, uhusiano wake na aliyempiga, na kazi ya huyo aliyepiga, ya sasa au ya zamani, kama vile jeshi au mgambo.
3. Kitabu kifungiwe. Hesabu iendayo wilayani iwe ya idadi tu, bila majina.
4. Aliyeumia sana atibiwe kwanza, fomu ya polisi PF3 ifuate.

Wananchi tukumbuke: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mama akisema kweli zahanati, havunji nyumba yake. Anatafuta tiba, na kweli yake itawasaidia wengine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini aliyepigwa husema ameanguka?
2. Kijijini kwenu, nani anaaminiwa kumsindikiza zahanati?
3. Aliyerudi vitani na hasira asaidiwe vipi kabla hajamdhuru mtu?