Utumbo mpana nao wahitaji mabingwa wake

JINJA/MBALE

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Busia au Malaba hukaa garini saa nyingi. Akiona damu chooni, husema ni bawasiri, hununua dawa ya kupaka na kuendelea na safari. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Lakini saratani ya utumbo mpana na ya puru nayo huweza kuanza na dalili hiyo hiyo, na ikichelewa kugunduliwa, tiba huwa ngumu.

Katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, kama kwingi Afrika Mashariki, matumbo ni kazi ya daktari wa upasuaji wa jumla. Huyo huyo hutibu ngiri, majeruhi wa bodaboda na utumbo uliojisokota. Utumbo ukijisokota hukosa damu, na daktari huamua haraka: aunyooshe, aukate na kuuunga, au atoe ncha yake tumboni ili choo kiingie mfukoni.

Saratani ya puru ni ngumu zaidi. Imejificha ndani ya nyonga, jirani na mishipa ya fahamu ya kibofu na ya tendo la ndoa. Ndiyo maana Marekani, baada ya miaka 5 ya upasuaji wa jumla, daktari huongeza mwaka wa ubingwa bobezi wa utumbo mpana na puru.

Kanda hii ina pa kuanzia. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, kilianzishwa mwaka 1999. Wanafunzi wake hujifunza wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa, miaka 2 ya msingi na 3 ya ubingwa, kisha hufanya mtihani mmoja bila kujali nchi.

Mbale yenyewe ni ushahidi. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mmarekani Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu watoto wenye maji kichwani kwa kamera ndogo, na madaktari kutoka nchi nyingine wakaja kujifunza. Kilichowezekana kwa ubongo chaweza kuwezekana kwa utumbo.

Hadi hapo, hatua ya kwanza ni ya mgonjwa. Damu inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa au mwili unaokonda bila sababu si mambo ya duka la dawa. Daktari hupima puru kwa kidole, na kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko foleni ya forodha.