Bunduki za Marisau katika Pwani ya Kaskazini (Sehemu ya Pili): Kuchagua Mtutu Mwembamba

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 na safari ya ombi la kumiliki bunduki, linaloanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji hadi kufika polisi. Leo namchukua msomaji ambaye kibali chake kimekwisha kutoka. Hataki bunduki ya kulindia duka wala ya kuwindia. Anataka kuingia katika mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa angani, na yuko mbele ya muuzaji mwenye bunduki mbili. Moja ni ya geji 12, ambayo kila mtu anaijua. Nyingine ni nyembamba, ya geji 20, na marafiki alioongozana nao wanamwambia hiyo ni ya watoto. Naomba asiwasikilize upesi.

Geji ni nini hasa? Aliyewahi kuezeka nyumba anajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28: namba ikipanda, unene unashuka. Kwenye bunduki za marisau mwendo ni huohuo, ingawa sababu yake ni nyingine. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe iwe goroli 12 zilizo sawa. Goroli moja kati ya hizo ndiyo inayoenea katika mtutu wa geji 12, na upana wake ni milimita 18.5. Ukiigawa ratili ileile kuwa goroli 20, kila goroli inakuwa ndogo zaidi, nao mtutu unakuwa wa milimita 15.6. Geji 28 ni milimita 14. Baada ya hapo ipo .410, ambayo haifuati hesabu ya goroli hata kidogo. Namba yake ni upana wa mtutu kwa inchi, yaani kiasi cha milimita 10.4, na ndiyo nyembamba kuliko zote utakazoziona katika mchezo huu.

Watu wa pwani yetu walijifunza kuheshimu mtutu mnene, na walikuwa na sababu nzuri. Katika karne ya kumi na tisa bunduki zilizopita Unguja zikaingia bara kwa njia ya Pangani na Saadani zilikuwa magobole: baruti nyeusi na risasi vilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Silaha hizo ndizo zilizogeuza siasa za Usambara. Alipofariki mtawala wa huko, Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, nguvu haikubaki kwa waliokaa Vuga, makao ya utawala milimani, peke yao. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki na baruti zilipatikana kwa biashara, na hapo ndipo mizani ilipoinama. Sasa, baruti nyeusi haina kasi kubwa. Kwa hiyo aliyetaka nguvu zaidi hakuwa na njia ila kurusha kitu kizito zaidi, na kitu kizito kilihitaji mtutu mnene. Hesabu hiyo ilibadilika mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Askari wengi wa Wajerumani waliopigana hapa Tanga Novemba 1914 walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zenye mtutu wa milimita 11, na moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali walipolala. Wenzao waliokuwa na mtutu wa milimita 7.9 na baruti mpya walipiga mbali zaidi bila kujitangaza. Karne moja na zaidi imepita, lakini heshima ya mtutu mnene bado tunaibeba.

Hapa ndipo kiini cha makala ya leo. Bunduki nyembamba ya marisau si dhaifu, wala haipigi polepole. Chembe ya risau yenye upana wa milimita 2.4 ikitoka katika geji 20 huruka kwa kasi ileile ya nduguye aliyetoka katika geji 12, karibu mita 400 kwa sekunde mdomoni mwa mtutu, na ikikigonga kisahani hukigonga kwa nguvu ileile. Tofauti iko kwenye idadi. Risasi ya gramu 28 hubeba chembe kama 350 za ukubwa huo. Gramu 24 hubeba 300 hivi. Gramu 21, ambazo ndizo mzigo wa kawaida wa geji 28, hubeba 260. Nusu aunsi ya .410, yaani gramu 14, hubeba 175 tu.

Wengi hudhani pia kwamba mtutu mwembamba hutawanya marisau katika duara dogo. Sivyo. Upana wa duara huamuliwa zaidi na mbano, yaani jinsi mdomo wa mtutu ulivyobanwa kidogo kabla ya marisau kutoka. Upo mbano kamili, upo wa nusu, upo wa robo, na upo mtutu usiobanwa kabisa. Kwa kipimo kinachotumika siku zote, umbali wa mita 36 na nusu na duara la sentimita 76, mbano kamili huweka kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, na mbano wa nusu kama asilimia 60. Chukua asilimia 60 ya chembe 300, utapata 180. Chukua asilimia 60 ya chembe 175, utapata 105 zilizosambaa katika eneo lilelile. Kisahani cha mashindano ya kimataifa kina upana wa milimita 110, lakini kikikujia kwa ubavu unaona ukingo usiozidi kimo cha milimita 26. Katika duara la chembe 105 kuna mianya mingi ambamo ukingo huo hupita salama, na mpigaji akabaki kujilaumu ilhali alilenga sawasawa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na desturi ya kumpa mtoto au mwanafunzi wa kwanza .410 eti kwa kuwa ni ndogo. Ni nyepesi mkononi, kweli, lakini ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inasamehe makosa machache mno. Mwanafunzi anayekosa visahani kumi mfululizo haelewi kosa liko wapi, na mchezo unamchosha kabla haujamwingia. Anayeanza apewe geji 20 yenye risasi ya gramu 21. Hiyo .410 aachiwe mzee wa mchezo anayetafuta jambo jipya la kumsumbua. Marekani, ambako skiti, aina mojawapo ya mchezo huu wa visahani, hupigwa kwa madaraja manne, geji 12, 20, 28 na .410, wapigaji wenye uzoefu huiona hiyo ya mwisho kuwa ndiyo mtihani wenyewe.

Ushahidi kwamba geji 20 inatosha uko karibu nasi kuliko tunavyofikiri, kwa jamaa zetu walioko Muscat, Dubai na Kuwait. Ghuba imelea wapigaji wakubwa wa visahani. Ahmed Al Maktoum wa Umoja wa Falme za Kiarabu alichukua dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004. Fehaid Al-Deehani wa Kuwait alichukua shaba Sydney mwaka 2000, shaba tena London mwaka 2012, kisha dhahabu Rio mwaka 2016. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, ambaye wengi wanamjua kwa magari ya Dakar, alipata shaba ya skiti hapohapo London. Wapigaji wa kiwango hicho hutumia bunduki za geji 12, lakini kanuni za kimataifa zinawazuia kuzidi gramu 24 za marisau katika risasi moja. Gramu 24 ni mzigo ambao geji 20 huubeba bila taabu. Ikiwa kiasi hicho kinatosha kwa dhahabu ya Olimpiki, rafiki yetu aliye dukani asiambiwe kwamba bunduki yake haina marisau ya kutosha.

Sasa bega. Mtu hununua geji 20 akitumaini haitampiga, kisha anatia risasi ya gramu 28 na kushangaa. Msukumo wa kurudi nyuma unategemea mzigo unaorushwa na uzito wa bunduki yenyewe, wala haujui geji. Bunduki ya kilo 2.8 ikirusha mzigo uleule wa bunduki ya kilo 3.5 hurudi begani kwa kasi iliyozidi kwa robo. Raha ya bunduki nyembamba huja pale mzigo unapopunguzwa pamoja na uzito: gramu 21 au 24 kwa geji 20, na zisizozidi 21 kwa geji 28. Hapo unaweza kupiga mzunguko wa visahani 25, ukapumzika kivulini, ukarudi kwa mwingine, na bega likawa halina habari.

Wepesi una gharama yake. Bunduki nyepesi huanza kusogea upesi na husimama upesi vilevile. Kisahani kinachokatisha mbele yako kwa mita 20 kwa sekunde, umbali wa mita 25, husogea kama mita moja na nusu kabla marisau hayajakifikia. Lazima ulenge mbele yake, na mtutu uendelee kusogea hata baada ya kufyatua. Ukisimamisha mikono, marisau yatapita nyuma. Ndiyo maana kwa visahani napendelea mitutu mirefu ya sentimita 76, mmoja juu ya mwingine, hata kwenye geji 28. Urefu unaongeza uzito kidogo kwa mbele, na uzito huo unauvuta mkono uendelee.

Muhimu kuliko geji ni kitako. Bunduki ya marisau hailengwi kama bunduki ya risasi moja. Jicho lako ndilo shabaha ya nyuma. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwapani, kikiwa kifupi kidole gumba kinakugonga pua, na shavu lisipotua mahali pamoja kila mara, marisau hayaendi mahali pamoja kila mara. Bunduki nyingi zinazoletwa kwetu zimekatwa kwa mwili wa mwanamume wa Ulaya aliyevaa koti zito. Sisi hupiga kwa shati jepesi. Mwanamke au mtu mfupi ataikuta ndefu tangu mara ya kwanza anapoinyanyua, na fundi stadi wa mbao anaweza kukipunguza kitako kwa kazi ya nusu siku. Akishindwa kupata fundi, ni heri anunue geji yoyote inayomkaa kuliko geji bora isiyomkaa.

Jambo moja la usalama lisisahaulike. Risasi ya geji 20 ikitiwa kimakosa katika bunduki ya geji 12 haikai kwenye chumba cha risasi; huteleza mbele na kukwama mtutuni. Mtu huona chumba kitupu, anatia ya geji 12, anafyatua, na mtutu unapasuka mkononi mwake. Kwa ajili hiyo viwanda vimezoea kuyafanya maganda ya geji 20 kuwa ya manjano. Nyumba yenye geji mbili iwe na makasha mawili yaliyotengana, na mfuko wa koti usichanganye kamwe.

Mahali pa kupigia, pwani yetu ina neema na ina masharti. Vitabu vya Uingereza husema kiwanja kitazame kaskazini ili jua lisimpige mpigaji usoni. Tanga iko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, na jua la chini asubuhi na jioni huwa daima karibu na mashariki au magharibi, basi kutazama kaskazini au kusini kote kunafaa. Upepo ndio bwana mkubwa. Kusi likivuma alasiri, kisahani kinachoruka kuukabili upepo hupanda ghafla, na kinachosukumwa nao hujibana chini. Anayejifunza apige asubuhi. Mbele ya wapigaji pawe na mita 300 zisizo na mtu, nyumba wala njia. Uwanda wa mashamba ya mkonge una nafasi hiyo, mradi mwenye shamba ameridhia na polisi wanajua. Kando ya mikoko na juu ya maji, hapana. Ndege wa matopeni humeza chembe za risasi wakidhani ni changarawe, nazo huwaua kwa sumu. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku katika ardhioevu tangu Februari 2023, na sisi hatuna haja ya kungoja kulazimishwa.

Visahani vyenyewe siku hizi si vya udongo. Mmarekani George Ligowsky alipovipatia hataza mwaka 1880 vilikuwa vya udongo uliochomwa, na vilikuwa vigumu hata marisau yakavigonga visivunjike. Leo hufinyangwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Mji wetu wa Tanga, uliokaa juu ya chokaa, wenye mapango ya Amboni na viwanda vya saruji, ungeweza kabisa kujitengenezea vyake. Nalisema hili kwa dhati, kwa sababu bei ya visahani vya kuagizwa ndiyo inayouweka mchezo huu mbali na watu wengi.

Mwisho ni kutu. Hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja. Bunduki ikirudi nyumbani, pitisha kitambaa kikavu mtutuni, kisha chenye mafuta mepesi. Fungua vibano vya mdomoni na upake hesi zake, maana visipofunguliwa kwa miezi huganda. Usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Iwekwe katika sanduku la chuma lililofungwa, risasi zikiwa mahali pengine.

Nami nikiulizwa ninunue ipi, nasema geji 20, kilo tatu au karibu yake, mbano wa robo chini na wa nusu juu. Anza na visahani vinavyokwenda mbele yako umbali wa mita 15, kama kwale anavyochomoka majanini. Vikishavunjika kwa mazoea, sogea pembeni vikatishe mbele yako kama njiwa waendao kunywa maji. Geji 28 itakuja yenyewe baadaye, siku utakapoanza kuhesabu jinsi visahani vinavyovunjika, wala si idadi yake.

Sehemu ya tatu itahusu mashine za kurushia visahani, za mkono na za umeme.