Mvua Ikinyesha Bukoba, Printa Hupotelea Wapi?

Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, stesheneri za Bukoba mjini hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni, kisha inaprintiwa, inasainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mwanasheria, inaskaniwa na kupandishwa tena. Foleni ikiwa imefika mlangoni ndipo printa ya wayafai inapogoma. Kompyuta inadai printa haipatikani, mwenye duka anachungulia salio la bando, na mteja anaambiwa, "Subiri kidogo mdogo wangu, mtandao unasumbua." Bando lipo. Intaneti nayo ipo, maana mdogo wangu huyo anachati WhatsApp kwa wayafai hiyohiyo huku akisubiri.

Printa ya kawaida haihitaji intaneti ili itoe karatasi. Faili likishakuwa kwenye kompyuta, linapita kwenye rauta na kuingia kwenye printa, yote ndani ya chumba kimoja, bila kufika mnarani na bila kula bando. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota nchi nzima. Hata siku ile, printa iliyofungwa vizuri pale Kashai au Hamugembe haikuwa na sababu ya kukataa kazi iliyokwisha kupakuliwa. Kwa hiyo kama kompyuta inafungua tovuti lakini haioni printa, usihangaike kupigia simu kampuni ya intaneti. Shida iko humo dukani.

Mara nyingi kilichopotea ni anwani. Kila kifaa kinachojiunga na wayafai hupewa na rauta namba ya kukitambulisha, kwa kawaida ya kuanzia na 192.168, na hupewa kwa muda: saa chache au siku nzima, kulingana na rauta ilivyopangwa. Ni kama gesti. Mgeni alilala chumba namba 5, akatoka, aliporudi mapokezi wakampa namba 9. Kompyuta haina habari. Inaendelea kugonga namba 5, na isipojibiwa inatangaza kwamba mgeni hayupo. Hali mbaya zaidi ni ya mgeni anayefika akakuta mapokezi hakuna mtu. Printa isipojibiwa na rauta hujipa yenyewe anwani ya kuanzia na 169.254, kama inavyoelekeza kanuni ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2005, na ikiwa huko haiwezi kusikilizana na kompyuta iliyo kwenye 192.168. Taa yake ya wayafai inaweza kuwaka bluu muda wote huo kana kwamba mambo ni shwari.

Hapa ndipo Kagera inapoingia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa huu imepata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi Kyaka, badala ya gridi ya Taifa. Njia hiyo na matawi yake hadi Muleba vinapita kwenye nchi ya mvua na radi. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Ziwa Victoria ni moja ya maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani. Umeme hauhitaji kukatika kwa saa tatu ili umvuruge mwenye stesheneri. Sekunde mbili zinatosha. Ukirudi, printa na rauta vinaamka kwa pamoja lakini havimalizi kuamka kwa pamoja. Printa ndogo ya wino huwa tayari mapema, rauta inaweza kuchukua dakika moja au mbili. Baadhi ya printa hutafuta mtandao mara chache, hukata tamaa na kukaa kimya hadi mtu azizime na kuziwasha. Nyingine hujipa ile 169.254. Nyingine hupata anwani, ila mpya, kwa kuwa rauta iliyozimika imesahau orodha yake na simu ya mteja imewahi kuchukua namba ya zamani.

Ndiyo maana utasikia watu wakisema mvua inaharibu wayafai. Wameona sawasawa, sababu tu ndiyo wameikosea. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo printa nyingi hutumia, mvua haina athari yoyote ya kupimika kwa umbali wa duka. Mvua kubwa inaweza kusumbua mawimbi ya masafa ya juu zaidi yanayounganisha mnara na mnara, na hapo intaneti huwa nzito kweli. Lakini kati ya rauta na printa vilivyo chini ya bati moja, mvua haipiti. Inachokata ni umeme, na umeme ukikatika anwani zinavurugika.

Tiba iliyozoeleka mjini ni kumwita fundi, naye anafuta programu ya printa na kuiweka upya. Printa inafanya kazi, fundi analipwa, na baada ya mvua nyingine tatizo linarudi. Sioni udanganyifu hapo. Tiba hiyo inafanya kazi kweli, ila kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Wakati wa kuweka programu upya, kompyuta huitafuta printa na kuikuta kwenye anwani yake mpya. Programu ya awali haikuwa na ubovu wowote.

Badala ya kuifuta, iulize printa yenyewe. Karibu kila printa ya wayafai ina njia ya kutoa karatasi ya taarifa za mtandao, ama kwenye menyu ama kwa kubonyeza kitufe kimoja au viwili kwa sekunde kadhaa, na karatasi hiyo hutoka hata kama kompyuta imezimwa. Tafuta mstari wa anwani. Ukikuta sufuri tupu au 169.254, printa haijapewa kitu na rauta: zima printa, hakikisha rauta imetulia, washa printa mwisho. Ukikuta 192.168 nzuri lakini tofauti na ile iliyoandikwa kwenye mipangilio ya printa ndani ya kompyuta, printa imehamishwa chumba. Dawa ya kudumu iko kwenye rauta: ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, tafuta sehemu ya kutenga anwani, chagua printa kwa namba yake ya kiwandani iliyopo kwenye karatasi ileile, uifungie anwani moja. Kazi ya dakika kumi, nayo huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huu. Ukiwa humo badilisha na nenosiri la rauta, maana rauta nyingi bado zinatumia lile zilizokuja nalo kwenye boksi.

Betri ndogo ya kuishikilia rauta umeme unapokonyeza nayo inalipa. Ila usichomeke printa ya leza kwenye UPS ya kompyuta: kile kipasha moto kinachogandisha wino wa unga kwenye karatasi hula mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS itapiga kelele kisha izime kila kitu.

Nshamba, Kamachumu, au Muleba mjini kwenyewe, hadithi inaweza kuwa nyingine kabisa, kwa sababu mahali pengi "rauta" ni simu ya mwenye duka. Simu inatoa hotspoti, kompyuta na printa vinajiunga. Kisha mwenye simu anakwenda benki, na mtandao mzima wa ofisi unaondoka mfukoni mwake. Hata akiwepo, simu nyingi za Android huzima hotspoti zenyewe kisipokuwepo kifaa kilichoungwa kwa dakika kadhaa, na nyingi za matoleo mapya hubadilisha familia nzima ya anwani hotspoti inapowashwa upya, hivyo kuifungia printa namba moja hakusaidii kitu. Kuna na la masafa: hotspoti ikiwekwa kwenye gigahezi 5, printa ya 2.4 haiuoni mtandao huo hata ukaiwekea simu juu yake. Ofisi inayotegemea kuprinti inafaa iwe na rauta yake, hata ya bei ndogo na isiyo na laini. Rauta isiyo na intaneti bado inaziunganisha kompyuta na printa vizuri tu. Hotspoti ya simu inaweza kubaki kwa ajili ya tovuti.

Wakati mwingine kosa si la anwani. Kuta nene za majengo ya zamani ya mjini Bukoba, kabati la chuma, rauta iliyofichwa chini ya kaunta: vyote hudhoofisha mawimbi, na suluhisho ni kuhamisha rauta au printa. Printa inayopotea baada ya kukaa kimya nusu saa bila umeme kukatika imelala usingizi. Ongeza muda wake wa kulala kwenye mipangilio.

Zipo printa zinazohitaji intaneti kwelikweli. Zile za HP zilizosajiliwa kwenye mpango wa HP+ zinatakiwa kuwa na intaneti muda wote na kutumia wino wa HP wenyewe, kwa hiyo zinaweza kugoma hata kama anwani iko sawa. Kabla ya kununua printa iliyotumika kutoka Dar au kuletewa na ndugu kutoka ng'ambo, muulize kwanza muuzaji kama imesajiliwa kwenye mpango huo. Bando la kuihudumia printa kila siku ni mzigo kwa anayetafuta riziki kijijini.

Na kama kompyuta ni moja na printa iko meza hiyohiyo, tumia waya wa USB. Hadi mita 5 hauna shida, hauombi anwani kwa mtu, na umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia.