Usichanganye dawa za kusafishia vyoo

Msomaji, vyuo vikuu vikikaribia kufunguliwa, wafanyakazi wa usafi na ukarabati huharakishwa kung'arisha vyoo vya mabweni. Ikiwa wewe ni mmoja wao, usichanganye Jik na asidi ya kuondolea madoa ukidhani nguvu zitaongezeka (wengi hudhani hivyo). Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huwasha macho, huleta kikohozi na kubana kifua. Kujifunga leso puani hakusaidii. Toka nje mara moja, kisha uoshe macho kwa maji mengi. Ukihisi nafuu usijidanganye: mapafu yaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, kwa hivyo mwone daktari siku hiyo hiyo. Glavu nazo usijinunulie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri akupe.