Kabla ya Kumchua Punda

Alfajiri ya Eldoret ina baridi ya kuuma. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na punda aliyelala nje akifungwa mkokoteni saa kumi na mbili asubuhi huanza kazi kama mzee anayeinuka kitini: hatua fupi, shingo imekaza, kwato za nyuma zikikwaruza murramu. Kwa punda wengi wanaobeba maji, mchanga na mahindi katika vichochoro vya Langas, ugumu huo huisha kabla safari ya kwanza haijakamilika. Kuna wengine ambao hauishi. Asubuhi hadi jioni hugeuka kwa shida upande mmoja, na mwenyewe anaanza kujiuliza kama kuna kitu cha kununua.

Vitu vya kununua havikosi. Wafugaji wa farasi wa mbio huko Ulaya na Marekani wana blanketi zinazotetemeka, matandiko ya sumaku, roli za mpira na bunduki za kuchulia misuli. Hizo bunduki si ngeni Eldoret, mji unaoishi na wakimbiaji, ambako kuchuliwa misuli baada ya mazoezi ni sehemu ya kazi kama kufua jezi. Kwa hiyo swali si la kuchekesha: kinachomsaidia mwanariadha wa Kaptagat kinaweza kumsaidia punda wa Langas?

Kinaweza, kwa kiasi. Lakini kwenye foleni ya mambo ya kufanya, mashine inasimama mwisho kabisa.

Mwanzo wa foleni umeshikwa na neno ambalo kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki analijua: pepopunda. Kiswahili kimemtia punda katika jina la ugonjwa huu, na sayansi haina ugomvi nacho, kwa kuwa farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu yake. Bakteria wake hukaa udongoni na kwenye kinyesi. Msumari ukichoma kwato, au kamba ikichimba kidonda begani, bakteria hupata shimo lisilo na hewa, huzaana humo na kutoa sumu inayozuia neva zisiamuru misuli ilegee. Mnyama husimama kama meza, mkia umenyanyuka, masikio wima, na ule utando wa kona ya jicho hujitokeza ghafla akishtuliwa. Mguso na kelele humzidishia mikazo. Anayemwekea mnyama wa hali hiyo mashine inayonguruma anamtesa. Anachohitaji ni daktari wa mifugo, giza na utulivu. Chanjo ipo, na ndiyo kinga.

Ugumu wa pili wa kuogopwa ni ule wa farasi anayepumzishwa siku kadhaa huku akilishwa nafaka kwa wingi, kisha akarudishwa kazini kwa nguvu. Misuli ya kiuno na mapaja hukakamaa njiani, jasho linamtoka, mkojo unageuka rangi ya kahawa kwa sababu nyuzi za misuli zinavunjika na rangi yake inapita kwenye figo. Huyo naye hakandwi wala halazimishwi kutembea. Wa tatu ni maumivu ya ndani ya kwato, ambapo mnyama huegemea nyuma kukwepa uzito, na mtu akadhani mgongo ndio mbovu.

Anayebaki baada ya kuwatoa hao ndiye wa kuchuliwa: mnyama mzima aliyechoka, anayekula vizuri, asiye na homa, anayelegea akitembezwa taratibu kwa dakika kumi.

Kuchua kunafanya nini hasa? Maelezo yanayosikika sana viwanjani ni kwamba kunakamua asidi iliyobaki kwenye misuli baada ya mbio. Hilo si kweli. Asidi hiyo huondoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, mtu akichuliwa au asichuliwe. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaendesha vijana 11 baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, wakawachua paja moja kwa dakika kumi na kuliacha la pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya msuli kutoka mapaja yote mawili. Asidi haikuonyesha tofauti. Kilichotofautiana ni dalili za uvimbe, zilizopungua kwenye paja lililochuliwa. Miaka minane baadaye, uchambuzi wa tafiti 29 zenye watu zaidi ya elfu moja ulionyesha kwamba kuchuliwa hakumwongezei mtu kasi wala nguvu. Kunampunguzia maumivu kidogo na kumwongezea wepesi wa kujikunja kidogo.

Kwa farasi ushahidi ni mwembamba zaidi, ila haukosekani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulipima mgandamizo ambao mgongo wa farasi huvumilia kabla hajaonyesha kuumia. Baada ya siku saba, waliochuliwa walivumilia asilimia 12 zaidi. Waliopewa dawa ya maumivu inayotumika sana kwa farasi waliongeza asilimia 8. Hao walikuwa farasi wasio na dalili za ugonjwa wowote wa mgongo, kwa hiyo matokeo hayamtibu mgonjwa yeyote. Yanaonyesha tu kwamba mkono wa mtu una kazi yake.

Sasa vifaa, kuanzia cha bei rahisi. Brashi ya mpira yenye meno butu, izungushwe polepole shingoni, begani na kwenye matako, inatosha kwa wanyama wengi. Inatoa jasho lililokauka, inasukuma ngozi na misuli ya juu, na inampeleka mkono wa mwenye punda kila mahali, hata kwenye kidonda kinachoanza ambacho jicho lingekikosa. Faida hii ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana punda ni bingwa wa kuficha maumivu. Farasi atapiga teke pale ambapo punda atalegeza sikio tu. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto ya kuvumilika na kukamuliwa hufanya kazi ya blanketi la bei ghali, mradi mnyama akaushwe kabla ya baridi ya jioni.

Bunduki ni habari nyingine. Nyingi hugonga mwili mara 30 hadi 40 kwa sekunde. Kwenye nyama nene ya paja hilo ni sawa, kwa kasi ya chini kabisa na kichwa laini, dakika moja au mbili mahali pamoja, mkono wa mtu ukiwa katikati mpaka mnyama azoee mlio. Punda wa mkokoteni, hata hivyo, mara nyingi si mnene. Uti wake wa mgongo unakaribia ngozi, na mashine ikigonga mfupa inaumiza. Miguu kuanzia gotini kwenda chini ina kano na mifupa, haina cha kuchuliwa. Na sumaku? Afadhali pesa hiyo inunue pumba.

Ila hata brashi haitashindana na kamba mbovu. Mitungi 15 ya lita 20 ni kilo 300 za maji. Pamoja na mkokoteni, tuseme kilo 400. Barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, mwinuko peke yake unamdai punda mvuto wa kilo 20 bila kupumzika, mbali na ubishi wa matope na tairi lisilo na upepo. Mvuto huo wote hupitia kifuani. Ukipita kwenye kamba ya nailoni yenye upana wa sentimita moja, unakata. Ukipita kwenye mkanda wa sentimita nane ulioshonewa kitambaa laini, kila sehemu ya ngozi inapata sehemu moja tu ya nane ya mgandamizo ule. Mkanda ukikaa juu sana unabana koo, ukishuka sana unazuia bega lisinyooke, na bega lisilonyooka kutwa nzima ndilo linaloamka limekaza.

Mkokoteni wa magurudumu mawili una ujanja wake pia. Mzigo ukilundikwa mbele, miti inamkandamiza mgongo; ukilundikwa nyuma, miti inanyanyuka na ukanda wa tumbo unamkaba. Ukiwa juu ya ekseli, mtu mmoja huweza kuinua miti kwa mkono mmoja. Tandiko nalo lishonwe mito miwili, mmoja kila upande, na uwazi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Fundi wa viatu au wa jua kali anaweza kushona vyote hivyo.

Gharama ya kumpoteza punda imepanda, na si Langas tu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini Kenya. Ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio, Mogotio na Naivasha miongoni mwa miji yake, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kuna mchuaji mmoja ambaye hajatajwa. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa na farasi wa Camargue, Ufaransa, waliwakwaruza chini ya shingo karibu na mabega, mahali ambapo farasi hupenda kutafunwatafunwa na wenzao, na mapigo ya moyo yakapungua. Walipowakwaruza pengine hayakupungua. Punda nao hufanyiana hivyo. Wawili waliozoeana wakifunguliwa jioni na kuachwa bila kufungwa mbalimbali, husimama kichwa kwa mkia, kila mmoja akimtafuna mwenzake mabegani kwa meno ya mbele, pale pale mkanda ulipokuwa.