Kufunga na Kufungua: Istilahi za Kikuza-Hesabu Kisimani Isiolo

Isiolo ni mahali ambapo Waborana, Wameru, Wasomali, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni na kisimani, na aghalabu lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Kitabu cha mtambo wa maji huenda kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo yake hutolewa kwa Kiswahili, mbele ya mtambo wenyewe. Hapo ndipo istilahi hupimwa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nayo ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo kamusi haiwezi kujua kwamba asomaye neno ndiye huyo huyo afungaye koki ya tangi.

Kifaa kinachohusika hapa kilipata jina lake la Kiingereza katika makala ya John Ragazzini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 1947. Sifa iliyomo katika jina hilo haihusu utendaji mwema wa kifaa. Inahusu matendo ya hesabu, kama vile kujumlisha na kutoa, yaliyofanywa kwa volteji katika kompyuta za wakati ule. Kwa hiyo "kikuza-utendaji", fasiri imjiayo mtu upesi, inapotosha. "Kikuza-hesabu" iko karibu zaidi na asili.

Kikuza-hesabu kina viingilio viwili na kitokeo kimoja. Hupandisha au kushusha kitokeo mpaka viingilio vyote viwili viwe na volteji sawa. Hivyo basi, tabia ya saketi nzima huamuliwa na kile kinachorudishwa kwenye kiingilio cha pili, yaani mrejesho.

Ichukuliwe kwamba tangi liko kilimani, na pampu ya kisima kirefu iko umbali wa kilomita 2, nyaya mbili za shaba za milimita mraba 0.5 zikiwa kati yao. Kipima-kina hutoa volti 0.4 tangi likiwa tupu na volti 2 likijaa. Katika njia ya volteji, rezista mbili, za kiloomu 40 na 10, hurejesha sehemu moja ya tano ya kitokeo. Kikuza hulazimika kutoa mara tano, na volti 2 huwa 10. Katika njia ya mkondo, umeme unaorudi kutoka kwa mpokeaji hupitishwa katika rezista ya omu 100, na volteji ya rezista hiyo ndiyo irejeshwayo. Sasa volti 2 huwa miliampea 20, na volti 0.4 huwa miliampea 4. Swichi moja yatosha kuhamisha mrejesho, pamoja na kuiruka rezista ya omu 100 wakati wa volteji. Transista huongezwa kwenye kitokeo, maana vikuza vingi vidogo huelemewa na mkondo wa kiasi hicho.

Mkondo ndio ufaao kwa safari ndefu. Kwenda na kurudi ni kilomita 4 za waya, zenye ukinzani wa karibu omu 140; lakini mkondo ni ule ule popote, kama maji ya mfereji usiovuja. Rezista ya mpokeaji ikiwa ya omu 250, miliampea 20 zahitaji volti 9.8 tu kwa jumla. Tena kuna faida ambayo kwa nchi kavu si ndogo: tangi tupu ni miliampea 4, waya uliokatika ni 0. Ukame na waya uliokanyagwa na ngamia havichanganyiki.

Mpaka hapa sitiari ya maji imefaa sana. Katika kitenzi kimoja, hata hivyo, humgeuka msemaji. Afungaye bomba huzuia maji. Afungaye saketi, kwa lugha ya wahandisi, huruhusu umeme. Maagizo yasemayo "funga njia ya mkondo, fungua njia ya volteji" yamekusudia mtambo utumie mkondo. Mtunza kisima, aliyekwisha kufunga na kufungua koki asubuhi hiyo, ataelewa kinyume, wala hana kosa.

Na matokeo yake? Kitokeo kikibaki katika volteji, volti 10 zikipita katika omu 140 na 250 huleta karibu miliampea 26. Mpokeaji hufikia 20, yaani "tangi limejaa", na kuizima pampu kabla maji hayajafika robo tatu. Tangi la lita 100,000 lenye kuta wima hukosa zaidi ya lita 27,000 kila lijazwapo. Hakuna fyuzi iliyoungua wala waya uliokatika; namba hupanda na kushuka kama kawaida, na mifugo hungoja.

Kuvitoa vitenzi hivyo viwili katika umeme kutapata wapinzani, kwa kuwa mazoea ya madarasani yana nguvu. Lakini mafundi wamekwisha kuwa na jozi nyingine isiyo na utata, nayo ni kuunga na kukata. Hata asemaye "stima" badala ya umeme hujua kukata ni nini. Mpango wa maneno nao ni sehemu ya maana, kwani mrejesho ukikosekana japo kwa nukta moja, kikuza hukimbilia volteji yake ya juu kabisa. Kwa hiyo agizo lingesomeka hivi: "Unga kwanza njia ya mkondo, ndipo ukate njia ya volteji."