Graindikoo: Albamu sita za kuanzia, na kwa nini neno la mpenzi mmoja lina uzito

KWA sikio lililozoea taarabu, muziki wa dansi au Bongo Fleva, dakika ya kwanza ya graindikoo huwa ni mtihani. Magita yanakoroma kama mashine ya kusaga, ngoma zinapigwa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuufuata mkono, na mwimbaji ananguruma badala ya kuimba. Kabla msikilizaji hajajua kinachoendelea, wimbo umekwisha.

Hata hivyo, muziki huo una wapenzi katika miji mingi ya dunia, Nairobi ikiwamo. Kwa karibu miaka 40 wapenzi hao wamekuwa wakipashana habari za albamu zake bila msaada mkubwa wa redio wala televisheni. Ni muziki wa andagraundi kwa maana halisi ya neno hilo: unaishi chini kwa chini, na anayeufikia huwa ameelekezwa na mtu.

Makala haya yanaeleza muziki huo ulikotoka, albamu sita ambazo mgeni anaweza kuanza nazo, na mambo ya kuzingatia kwa yule anayetaka kumpendekezea mwenzake.

Chimbuko lake

Graindikoo ni mtoto wa wazazi wawili, metali na panki. Mahali pa kuzaliwa panapotajwa zaidi ni Birmingham, mji wa viwanda ulio katikati ya Uingereza. Ni mji huohuo uliotoa kundi la Black Sabbath, ambalo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana, na baadaye alilegeza nyuzi za gita lake ili aweze kupiga bila maumivu. Sauti nzito iliyotokana na nyuzi zilizolegea ikawa sehemu ya msingi wa metali.

Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya eneo hilo vilifungwa au kupunguza wafanyakazi. Vijana waliobaki bila ajira walivutiwa na panki, muziki wa haraka usiohitaji vyombo vya gharama, uliokemea vita, silaha za nyuklia na kampuni kubwa. Baadhi yao waliuchanganya na metali, kisha wakaongeza kasi hadi mwisho wa uwezo wa binadamu.

Siri ya kasi hiyo iko kwenye ngoma. Mpigaji hupokezanisha ngoma ya mguu na ngoma ya mkono kwa mapigo ya mfululizo, bila kupumua, huku sahani za shaba zikilia juu yake. Kwa kuwa hakuna mwili unaoweza kuhimili kazi hiyo kwa muda mrefu, nyimbo huwa fupi. Nyingi hazifiki dakika mbili.

Albamu tatu za mwanzo

Ya kwanza ni “Scum” ya kundi la Napalm Death, iliyotolewa mwaka 1987 na Earache, kampuni ndogo ya Nottingham. Ina nyimbo 28 katika muda wa dakika 33 hivi. Upande wake wa kwanza ulirekodiwa mwaka 1986 na wa pili mwaka 1987, na katikati ya vipindi hivyo karibu kundi zima lilibadilika. Mpiga ngoma Mick Harris ndiye pekee anayesikika pande zote mbili, na ndiye anayetajwa kuwa aliupa muziki huu jina lake. Ndani yake umo wimbo “You Suffer”, wenye urefu wa sekunde moja na ushei, ambao Guinness iliutambua kuwa wimbo mfupi kuliko yote iliyorekodiwa.

Wengi hudhani kuwa nyimbo za aina hii zinahusu ushetani. Msikilizaji wa “Scum” atashangaa. Wimbo wake wa kwanza unayashutumu mashirika ya kimataifa, na mengi yanayofuata ni malalamiko kuhusu unyonyaji, vita na uongo wa wakubwa.

Ya pili ni “Reek of Putrefaction” ya kundi la Carcass kutoka Liverpool, iliyotoka mwaka 1988. Hawa walichota maneno yao katika vitabu vya tiba, wakaimba kuhusu maiti na maradhi kwa lugha ya daktari. Sauti ya albamu hiyo ni ya matope, na jalada lake la awali lilijaa picha za maiti. Pamoja na hayo, mtangazaji maarufu wa BBC, marehemu John Peel, aliitaja kuwa albamu aliyoipenda kuliko zote mwaka huo. Peel ndiye aliyekuwa dirisha pekee kubwa la redio kwa muziki huu, na mwaka 1987 aliwaalika Napalm Death kurekodi katika studio za BBC.

Ya tatu ni “World Downfall” ya Terrorizer, kundi la Los Angeles, iliyotoka mwaka 1989. Iliporekodiwa huko Tampa, Florida, kundi lilikuwa limekwisha kusambaratika. Mpiga ngoma Pete Sandoval alikuwa amehamia Morbid Angel, na mpiga gita Jesse Pintado baada ya hapo alijiunga na Napalm Death. Kwa anayetaka kusikia graindikoo iliyo safi, kila chombo kikisikika mahali pake, hii ndiyo ya kuanzia.

Albamu iliyookolewa na kaseti

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Historia ya albamu ya nne inaonyesha kwamba si kila mara.

Mwaka 1986, vijana wa kundi la Repulsion kutoka Flint, mji wa magari katika jimbo la Michigan nchini Marekani, walirekodi nyimbo 18 zisizofika nusu saa. Hakuna kampuni iliyozitaka. Kundi likavunjika, na kwa kawaida habari ingeishia hapo.

Kilichoziokoa nyimbo hizo ni kaseti. Wakati huo wapenzi wa metali walikuwa na mtandao wao wa posta. Mmoja alinakili kaseti nyumbani, akaitia katika bahasha pamoja na barua na kuituma nchi nyingine, naye akaletewa nyingine kwa kubadilishana. Kila nakala ilizaa nakala. Kwa njia hiyo kelele za Flint zilifika Uingereza, na wanamuziki wa Napalm Death wenyewe wamekiri kwamba walijifunza mengi kutoka kwao.

Mwaka 1989, Jeff Walker na Bill Steer wa Carcass, kupitia lebo yao ndogo ya Necrosis iliyokuwa chini ya Earache, waliitoa kazi hiyo kwa jina la “Horrified”. Leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za muziki huu. Kama wapenzi wachache wasingeona haja ya kumwambia mwenzao “sikiliza hii”, nguzo hiyo ingeozea kabatini.

Sweden na msiba wa tsunami

Ya tano ni “Helvete”, neno la Kiswidi lenye maana ya jehanamu, ya kundi la Nasum kutoka mji wa Örebro. Ilitoka mwaka 2003. Nasum walionyesha kwamba graindikoo inaweza kurekodiwa kwa ustadi, ikawa na mdundo unaotingisha kichwa, bila kupoteza hasira yake.

Kiongozi wao, Mieszko Talarczyk, ambaye pia alikuwa fundi wa studio aliyerekodi makundi mengine, alikufa nchini Thailand katika tsunami ya Desemba 26, 2004. Ni mawimbi yaleyale yaliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki na kuua watu huku pia. Alikuwa ametimiza miaka 30 siku chache kabla. Kundi lilisimama, na mwaka 2012 wenzake walizunguka kuwaaga mashabiki.

Giza kutoka Nairobi

Ya sita inatoka karibu na nyumbani. Mwaka 2019 Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliokulia katika makundi ya metali ya Nairobi, waliunda kundi la Duma. Mswahili akisikia jina hilo humfikiria mnyama mwenye mbio. Wao walilichukua katika Kikikuyu, kwa maana ya giza.

Walirekodi albamu yao mjini Kampala, katika studio za Nyege Nyege. Hilo nalo ni jina ambalo Mswahili hulisikia vingine, ingawa kwa Kiganda linahusu hamu ya kucheza isiyozuilika. Albamu yenye nyimbo tisa, inayoitwa pia “Duma”, ilitoka mwaka 2020. Hakuna mpiga ngoma ndani yake. Mapigo yametengenezwa kwa kompyuta, magita yamefunikwa na kelele za mitambo, na juu yake Khanja anapiga mayowe. Vyombo vya habari vya muziki vya Ulaya na Marekani viliipokea kwa sifa.

Mwaka 2024 Khanja, anayetumia jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, “The Adept”, kupitia lebo yake ya Haekalu. Aliitoa kumuenzi Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa katika wapiganaji wa Mau Mau, ambaye ni mmoja wa wakuu wa ukoo wake. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, hasira ya muziki huu haikuletwa na meli kutoka Birmingham. Ilikuwapo.

Namna ya kumpendekezea mwenzako

Kupendekeza albamu ya aina hii ni dhamana. Anayeanzishwa vibaya hufunga mlango na harudi tena. Mambo matatu yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, mjue unayemwelekeza. Mpenzi wa metali ya kawaida ataielewa “World Downfall” au “Helvete” mapema. Aliyezoea muziki wa kompyuta aanze na “Duma”. “Reek of Putrefaction” isiwe ya kwanza kwa mtu yeyote, na mwenye moyo mwepesi aonywe kuhusu jalada lake.

Pili, mweleze asikilize albamu nzima mfululizo. Wimbo mmoja wa sekunde 40 haumwambii mtu kitu. Nyimbo 20 zikifuatana ndipo sikio huanza kutofautisha mapigo, zamu na maneno. Sauti isiwe kubwa mno, kwa kuwa masikio yakishaharibika hayana dawa.

Tatu, anayeipenda ainunue. Wengi wa wanamuziki hawa hawaishi kwa muziki. Mauzo ya mia chache za nakala, au fulana chache baada ya onyesho, ndiyo yanayolipia studio ya albamu inayofuata. Kunakili kaseti kuliiokoa “Horrified” wakati ilipokuwa haina mnunuzi, lakini hakukuwalisha walioirekodi. Leo kazi nyingi zinapatikana kwa bei ndogo kutoka kwa wasanii wenyewe, na kisingizio cha zamani kimekwisha.

Kuna wakati huu kijana fulani ambaye amerekodi nyimbo 18 ambazo hakuna kampuni inayozitaka. Huenda yuko Flint, huenda yuko Nairobi. Kama zitasikika baada ya miaka 40 au la, kutategemea mtu mmoja wa kwanza atakayezisikiliza hadi mwisho, kisha akamtafuta wa pili.